Jinsi ya Kutafuta na Kuziba Mahali Panapovuja Katika Bwawa la Kuogelea la Nyumbani

Maji ya bwawa yakianza kupungua kuliko ilivyozoeleka, wamiliki wengi hukimbilia mambo mawili ambayo yote yanafaa kuwa ya mwisho: kulikausha bwawa ili kutafuta nyufa, au kuvunja sakafu inayolizunguka ili kuyafikia mabomba. Bwawa lililojaa ndilo linaloweza kuonyesha linapovujia. Likishakauka, ufa unaopitisha maji na ufa wa juujuu usio na madhara huonekana sawasawa. Isitoshe, kukausha kuna hatari zake. Pale ambapo maji ya ardhini yako karibu, huweza kulisukuma bwawa tupu kutoka chini hadi likainuka au kupasuka; tandiko la vinili, yaani plastiki inayofunika ndani ya bwawa, hunywea na kushindwa kurudi mahali pake; na kuta za faibaglasi huweza kubonyea kwa ndani. Kwa hiyo kazi hii ifanywe kwa mpangilio: kwanza kuthibitisha kwamba uvujaji upo, kisha kupunguza maeneo yanayoshukiwa moja baada ya jingine, na hapo ndipo kutengeneza.

Kuthibitisha kwamba bwawa linavuja

Kila bwawa lililo wazi hupoteza maji kwa mvuke, na kiasi hicho hubadilika kulingana na joto, upepo na ukavu wa hewa. Upungufu wa milimita 3 hadi 6 kwa siku ni wa kawaida, na katika siku za jua kali, upepo mwingi na hewa kavu unaweza kufika milimita 10. Bwawa linalopashwa joto hupoteza zaidi, hasa usiku wa baridi, kwa kuwa maji ya uvuguvugu hutoa mvuke mwingi hewa inapokuwa imepoa. Ndiyo sababu haifai kuhukumu kwa macho tu.

Kipimo cha kuaminika ni cha ndoo, nacho hakihitaji kifaa chochote cha kununua. Chukua ndoo ya plastiki, ijaze maji ya bwawa lenyewe, uweke jiwe ndani ili isielee, kisha uisimamishe juu ya ngazi ya kwanza au ya pili ya bwawa, ili maji ya ndani yawe na joto sawa na yale ya nje. Ongeza au punguza maji ya ndoo hadi kimo chake kilingane na cha bwawa. Weka alama mbili kwa tepu isiyopitisha maji au kalamu isiyofutika: moja ndani ya ndoo, nyingine kwenye kigae cha ukuta wa bwawa. Baada ya saa 24, pima kwa rula upungufu wa kila upande. Kwa kuwa mvuke unazipunguza sehemu zote mbili kwa kiasi kinachokaribiana, tofauti iliyopo kati yake ndiyo maji yanayovuja.

Katika saa hizo 24 mtu asiogelee, chujio lisisafishwe, na kama bwawa lina boya linalojaza maji lenyewe, koki yake ifungwe. Boya hilo huweza kuficha uvujaji kwa miezi mingi, kwa kuwa kimo hakibadiliki hata kidogo huku dawa zikiisha haraka na bili ya maji ikipanda. Mvua ikinyesha, kipimo kirudiwe.

Tofauti hiyo ibadilishwe kuwa lita, maana milimita peke yake hazionyeshi ukubwa wa tatizo. Milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Bwawa la mita 8 kwa 4 lina eneo la mita za mraba 32. Likipungua milimita 14 huku ndoo ikipungua milimita 5, tofauti ni milimita 9, ambazo ni lita 288 kwa siku moja. Andika hesabu hii mahali, kwa sababu utaihitaji tena baada ya matengenezo.

Kipimo cha pili: pampu ikifanya kazi na pampu ikiwa imezimwa

Rudia kipimo cha ndoo mara mbili katika hali ya hewa inayofanana, mara moja pampu ikiwa inafanya kazi kwa saa zote 24 na mara nyingine ikiwa imezimwa kabisa. Wengi huiruka hatua hii kwa sababu inakula siku mbili, lakini kwa maoni yangu hakuna hatua nyingine inayookoa gharama kubwa kama hii, kwani ndiyo inayoamua kama kuna haja ya kuyagusa mabomba.

Bwawa likipoteza maji mengi zaidi pampu inapofanya kazi, shuku upande wa shinikizo, yaani vifaa na mabomba yote yaliyo baada ya pampu hadi kwenye midomo inayorudisha maji bwawani. Likipoteza zaidi pampu ikiwa imezimwa, shuku mabomba ya kunyonyea. Mabomba haya pampu inapovuta hunyonya hewa kupitia ule ufa badala ya kutoa maji, na kwa sababu hiyo utaona mapovu yakitoka mfululizo kwenye midomo ya kurudishia maji, au hewa iliyokusanyika chini ya kifuniko cha pampu. Hasara ikiwa sawa katika hali zote mbili, mabomba yana nafasi kubwa ya kuwa mazima, na utafutaji uelekezwe kwenye ganda la bwawa, yaani kuta na sakafu yake, na vitu vilivyopachikwa ndani yake.

Kuanzia kwenye pampu na chujio

Hata kama matokeo yanaelekeza kwingine, eneo la mitambo likaguliwe kwanza, kwa kuwa ni kazi ya dakika chache isiyohitaji mtu kuingia majini. Kausha kila kitu kwa kitambaa, tandaza karatasi kavu chini ya pampu, chujio na viungio, kisha uwashe pampu na kusubiri. Tone moja litaonekana wazi juu ya karatasi. Likitoka kati ya mota na kichwa cha pampu, sili ya shafti, yaani kizuia maji kinachozunguka mhimili wa pampu, imechakaa na inapaswa kubadilishwa mapema, kabla maji hayajaingia kwenye beringi za mota. Likitoka kwenye kifuniko au kiungio cha kufungua kwa mkono, mara nyingi ni mpira wa duara uliokauka au kubonyea. Uondoe, usafishe mfereji wake, na kama bado ni laini upake grisi ya silikoni kabla ya kuurudisha. Grisi au mafuta yatokanayo na petroli yasitumike, kwa kuwa huweza kuiharibu mipira ya aina nyingi.

Kuna uvujaji mmoja ambao hauachi unyevu wowote hapo, nao ni ule wa vali ya njia nyingi iliyo juu au ubavuni mwa chujio la mchanga. Ndani ya vali hiyo kuna gasketi inayotenganisha njia; ikichakaa au ikibanwa na chembe ya mchanga, sehemu ya maji hupita kimyakimya kwenda kwenye bomba la kumwagia maji machafu, ingawa mkono wa vali uko kwenye nafasi ya kuchuja. Nenda hadi mwisho wa bomba hilo pampu ikiwa inafanya kazi. Kukiwa na mchirizi wowote, zima pampu, ufungue vali, usafishe na kubadilisha gasketi hiyo. Nyumba nyingi zimechimbwa bila sababu kwa kuwa hakuna aliyekwenda kuangalia mwisho wa bomba la maji machafu.

Kisha zunguka bwawa lote kwa miguu. Tafuta udongo unaobonyea, nyasi zilizostawi kuliko za jirani, vigae vya sakafu vilivyotitia na ufa kati ya ukingo wa bwawa na sakafu. Dalili hizi zinaonyesha upande, ingawa si mahali hasa, maana maji hutembea chini ya ardhi kabla ya kujitokeza.

Kimo ambacho maji yanasimama

Kama bwawa ni la zege na unajua kwamba maji ya ardhini hayako karibu, unaweza kuzima pampu na kuacha maji yashuke yenyewe, huku ukiweka alama kila siku. Yakisimama au kupunguza kasi sawia na mdomo wa skima, yaani kile kisanduku kilichojengwa ukutani kinachovuta majani yanayoelea, shuku skima au bomba lake. Yakisimama kwenye kimo cha taa, au kwenye midomo ya kurudishia maji, shuku vitu hivyo. Yakipita vyote na kuendelea kushuka, tatizo liko kwenye sakafu au kwenye tundu la kutolea maji lililo chini kabisa. Usiruhusu yashuke zaidi ya hapo kwa nia ya kujiridhisha tu. Kwa bwawa la vinili au faibaglasi ni salama zaidi kuiruka hatua hii na kutumia rangi.

Kutafuta tundu kwa rangi

Zima pampu na usubiri maji yatulie kabisa, ikiwezekana kwa saa nzima na katika muda usio na upepo. Kabla ya mtu yeyote kuingia, zima umeme wa taa za bwawa na wa pampu kwenye swichi kuu, na uhakikishe hakuna anayeweza kuuwasha ukiwa majini. Tundu la chini lenye mvuto linaweza kumnasa mtu nywele au kiungo cha mwili, kwa hiyo sharti hili halina mjadala. Mwenzako abaki ukingoni muda wote.

Tumia rangi ya chakula iliyokolea, nyekundu au ya buluu, ndani ya bomba la sindano lisilo na sindano. Vaa miwani ya kuogelea, sogea polepole bila kutimua maji, usogeze ncha ya bomba hilo hadi sentimita moja hivi kutoka mahali unapopashuku, kisha utoe tone dogo bila kulisukuma kwa nguvu. Rangi ikielea hapo na kutawanyika taratibu, hakuna mvuto. Rangi ikijikusanya na kunyooka kama uzi unaovutwa ndani ya ufa, umepata tundu lako. Rudia mara kadhaa mahali hapohapo, kwa sababu mkono wako wenyewe huweza kutengeneza mkondo mdogo unaodanganya.

Anza na skima, hasa mzunguko wote ambapo plastiki inakutana na zege au kigae. Vitu hivi viwili hutanuka na kunywea kwa viwango tofauti, na sakafu ya nje ikisogea huivuta skima pamoja nayo, hivyo mwanya hujitokeza hapo mapema kuliko kwingine. Halafu nenda kwenye midomo ya kurudishia maji, ngazi, viungo vya vigae na kona.

Taa inahitaji uangalifu wa pekee. Kishimo inamokaa hujaa maji kwa kawaida, na kebo yake hutoka kupitia mfereji wa bomba ulio nyuma. Ikiwa mfereji huo haukuzibwa vizuri au umepasuka ndani ya ukuta, maji hupita humo kila siku bila dalili yoyote upande wa mbele. Kwa kawaida kebo huachwa ndefu na kuzungushwa nyuma ya taa, hivyo, umeme ukiwa umezimwa, skrubu ikifunguliwa taa yote inaweza kuinuliwa hadi ukingoni. Weka tone la rangi kwenye mdomo wa mfereji na uangalie.

Mabomba yaliyofukiwa

Kama vipimo vinaelekeza kwenye mabomba na eneo la mitambo halina tatizo, kila bomba lipimwe peke yake kwa shinikizo. Ziba mwisho mmoja kwa kizibo cha mpira kinachotanuka kinapokazwa, na upande wa pili uunganishe geji pamoja na mpira wa maji. Jaza bomba taratibu huku ukitoa hewa yote, pandisha shinikizo hadi kati ya bari 1 na 1.4, ambayo ni takriban psi 15 hadi 20, kisha ufunge koki na kuangalia mshale kwa dakika 15 au zaidi. Bomba zima hushikilia shinikizo. Lililopasuka huuacha mshale ushuke. Tumia maji, usitumie hewa ya kushindilia, kwa kuwa hewa hiyo huhifadhi nguvu nyingi na kizibo kikichomoka kinaweza kumjeruhi vibaya aliye mbele yake. Hata kwa maji, simama pembeni ya kizibo.

Bomba bovu likishajulikana, hapa ndipo ninaposhauri kumwita fundi mwenye vifaa vya kusikilizia chini ya ardhi, kwa sababu kuchimba shimo moja mahali sahihi ni nafuu kuliko kuchimba mtaro mzima kwa kubahatisha. Ukifika kwenye bomba la PVC, kata kipande chote kilichoharibika hadi sehemu safi, kausha ncha, zipake kisafishio chake, kisha gundi ya PVC, uingize kiungio huku ukikizungusha robo mzunguko na kukishikilia kwa nusu dakika. Subiri muda ulioandikwa kwenye kopo la gundi, upime tena kwa shinikizo, na shimo libaki wazi hadi kipimo hicho kifaulu. Wakati wa kufukia, lizungushie bomba mchanga usio na mawe.

Kuziba ganda na vitu vilivyopachikwa

Mwanya wa skima, wa midomo ya maji na wa mfereji wa kebo huzibwa vizuri kwa epoksi ya sehemu mbili inayogandia majini. Sugua mahali hapo kwa brashi ya waya hadi utelezi na chokaa vitoke, kanda sehemu hizo mbili hadi zipate rangi moja isiyo na mistari, kisha uisukumize ndani ya mwanya na kuipanua sentimita mbili au tatu kila upande. Epoksi iliyobandikwa juu ya uchafu hubanduka yote baada ya muda mfupi. Ikiwa kisanduku chenyewe cha skima kimepasuka, kiraka ni cha kusubirisha tu, na skima ibadilishwe. Pia kagua mwanya wa kutanukia ulio kati ya ukingo wa bwawa na sakafu ya nje. Ujazwe kizibio kinachonyumbuka, kwa sababu ukijazwa saruji, sakafu itaendelea kusukuma na skima itaachana na ukuta tena.

Kwa tandiko la vinili, kata kiraka cha mviringo kutoka vinili ya aina ileile, kikipita ukingo wa tundu kwa sentimita 5 hivi kila upande. Kona kali huwa za kwanza kubanduka. Paka gundi ya vinili inayofanya kazi majini, ukikunje kiraka katikati upande wa gundi ukiwa ndani, uzame nacho, kisha ukikunjue moja kwa moja juu ya tundu. Futa kwa kiganja kutoka katikati kwenda nje hadi mapovu yaishe. Kama ni sakafuni, kiwekee mfuko wa mchanga kwa siku nzima. Tandiko lililokakamaa na kupasuka mahali pengi halifai kuendelea kutiwa viraka.

Zege linahitaji hukumu kabla ya nyundo. Nyufa nyembamba zilizosambaa juu ya lipu, ambazo rangi haiingii, ziache. Ufa mmoja mrefu unaovuta rangi, uchore ncha zake kwa penseli na kuandika tarehe. Ukizidi kurefuka au pande zake zikiachana kwa kimo, ardhi inasogea, na mhandisi wa majengo aitwe kabla ya kiraka chochote. Ufa uliotulia uchongwe kwa patasi hadi kina cha sentimita moja au mbili, ukiwa mpana zaidi ndani kuliko nje, ili kiraka kijishikilie. Usafishe vumbi, kisha ujaze saruji ya kuzuia maji inayoganda haraka. Saruji hii hukauka ndani ya dakika 3 hadi 5, kwa hiyo changanya donge dogo tu, lishike mkononi mwenye glavu hadi uhisi linaanza kupata joto, lisukumize ufani na kulikandamiza bila kuachia hadi liwe gumu. Lipu ya juu hufuata baadaye.

Faibaglasi huvuja zaidi kwenye viungio kuliko mwilini mwake. Nyufa ndogo za juu kwa kawaida hazina kina. Ule unaopita ukuta hutengenezwa kwa kushusha maji kidogo chini yake, kukausha, kupiga msasa na kuweka tabaka za nyuzi na rezini.

Baada ya kuziba

Rudia kipimo cha ndoo kwa saa 24, pampu ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa, na ulinganishe na lita ulizoandika mwanzoni. Hasara ikipungua bila kuisha, kuna tundu la pili. Ni jambo la kawaida, na utafutaji uendelee kutoka mahali ulipoachia.

Maji mapya uliyojaza hubadilisha dawa, na saruji mpya hupandisha pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, kwa wiki kadhaa. Rudisha pH kati ya 7.2 na 7.8, na klorini huru kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, kabla mtu hajaogelea, kisha upime kila siku hadi pH itulie yenyewe bila kuongezewa asidi.